Chumvi Mezani, Gitaa Ukutani

Katika nyumba nyingi za mwambao, kopo la chumvi hutiwa punje chache za mchele. Mpishi hahitaji kuelezwa sababu. Masika yakiingia chumvi hushikana ikawa bonge, na ukilitikisa kopo juu ya sahani hakitoki kitu. Mlango uliokuwa ukisukumwa kwa kidole mwezi wa Februari huhitaji bega mwezi wa Aprili. Viatu vya ngozi vilivyokaa wiki mbili bila kuvaliwa huota ukungu, na shati safi hutoka kabatini na uvundo. Haya yote watu wa pwani wanayajua tangu utotoni na wameyapatia dawa zake: mchele kwenye chumvi, seremala wa kupiga randa ukingo wa mlango, jua kwa magodoro. Lakini gitaa lililotundikwa kwenye ukuta wa chumba hichohicho mara nyingi huachwa nje ya ujuzi huu. Hupanguswa vumbi, hubadilishiwa nyuzi, husifiwa na wageni, na hakuna anayelihesabu pamoja na mlango. Pengine jina limechangia. Gitaa lisilotumia umeme tunaliita gitaa kavu, na neno hilo linaueleza vizuri mlio wake, ila kwa habari ya mbao zake linapotosha. Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Unguja, ambako unyevu wa hewa kwa sehemu kubwa ya mwaka hucheza kati ya asilimia 70 na 85, hakuna gitaa lililo kavu.

Hoja yangu ni nyepesi kuitamka na ngumu kuifuata: anayetaka kulinda gitaa nyumbani aijue kwanza hewa ya nyumba yake, kabla ya kununua chochote na kabla ya kufuata ushauri wa yeyote. Nasema hivi kwa sababu ushauri mwingi unaotufikia umetungwa kwa ajili ya hewa nyingine. Vijitabu vinavyokuja na magitaa mazuri ya mbao nzima hutia mkazo zaidi juu ya ukavu. Mnunuzi anaambiwa aweke ndani ya tundu la gitaa kijisponji kilicholoweshwa, awashe chumbani mashine ya kutoa mvuke, achunguze usoni kama nyufa zimeanza. Kwa mtu anayeishi Chicago mwezi wa Januari ushauri huo hauna kasoro. Hewa ya nyuzijoto 10 chini ya sifuri haiwezi kubeba zaidi ya gramu mbili na ushei za maji katika kila mita ya ujazo. Ikiingia ndani ikapashwa moto hadi nyuzijoto 21, maji yake ni yaleyale, ilhali sasa ina uwezo wa kubeba gramu 18. Ni hewa yenye kiu, na kiu yake inaikata kwenye midomo ya watu, kwenye meza na kwenye gitaa. Hewa ya Dar es Salaam yenye nyuzijoto 28 na unyevu wa asilimia 80 imekwisha kubeba gramu 22 hivi katika mita ileile ya ujazo. Anayetia sponji mbichi ndani ya gitaa huku kwetu, kwa kuwa kijitabu kimesema, anamwagia maji mtu aliyekwisha kulowa.

Ili kuona madhara yake inabidi kutazama mbao zenyewe. Mti uliokatwa, ukapasuliwa, ukaanikwa miaka, ukaungwa kwa gundi na kupakwa vanishi bado hunywa maji ya hewa na kuyatema, na hautaacha. Hayo ni maji yaliyoshikamana na kuta za chembe za mti, na yakiongezeka kuta hizo hunenepa. Urefu wa ubao, yaani ule upande unaofuata nyuzinyuzi za mti, haubadiliki ila kidogo mno. Upana ndio unaocheza. Magitaa mengi huwekwa uso wa sprusi, mti wa nchi za baridi ulio jamaa ya msonobari. Viwanda vya magitaa hutunza hewa yao kwenye asilimia 45 hadi 50 hivi, na mbao zikifanyiwa kazi humo huwa na maji ya kiasi cha asilimia 9 ya uzito wake mkavu. Zikihamia pwani na kukaa vya kutosha, hufika asilimia 14, hata 15. Chukua uso wa gitaa kubwa wenye upana wa sentimita 40. Kupanda kutoka 9 hadi 14 kungetaka kuutanua kwa karibu milimita 3, na uso wenyewe una unene wa milimita 3 tu, pengine pungufu. Mafundi wa majahazi wanaijua nguvu hii na wameifanya mtumishi wao. Jahazi likikaa juu pwani muda mrefu mbao husinyaa na viungo huachana. Likishushwa majini huvuja kwanza, mpaka mbao zivimbe zikabanana na kalafati. Kinacholiokoa jahazi ndicho kinacholiharibu gitaa, kwa sababu gitaa halikuachiwa nafasi ya kuvimbia. Uso wake umegundishwa mzunguko mzima kwenye mbavu, na kwa ndani umepitiwa na mataruma ambayo yenyewe hayarefuki. Milimita 3 zinazotafuta pa kwenda zinabakiwa na njia moja, nayo ni kupanda juu.

Ndipo uso unapotuna kama tumbo nyuma ya daraja. Ukilaza rula ya chuma hapo kwa upana, itayumba kama ubao uliowekwa juu ya jiwe. Kuyumba kidogo si ugonjwa, maana magitaa mengi huundwa yakiwa na mwinuko mdogo tangu mwanzo, lakini rula ikiyumba sana, na kati ya ukingo wa nyuma wa daraja na uso ukapitisha ncha ya karatasi, gundi imeanza kuachia. Tukumbuke kwamba nyuzi sita za chuma zilizokazwa hadi sauti yake ya kawaida hulivuta daraja kwa nguvu ya kilo 70 hivi, usiku na mchana, iwe gitaa linapigwa au limelala. Uso ukipanda, daraja hupanda nao, na nyuzi huondoka karibu na shingo. Hapo ndipo panaponisikitisha zaidi kuliko ufa wowote. Kijana anayejifunza hubonyeza nyuzi zilizoinuka, ncha za vidole zikachubuka, nyimbo zikatoka na kasoro ya sauti juu ya shingo, naye akahitimisha kwamba vidole vyake ni dhaifu au sikio lake halifai. Ameliacha gitaa kwa kosa la hewa. Hata sauti hubadilika: uso uliokunywa maji ni mzito na ni mlegevu, hivyo mlio huwa kama unatoka chini ya blanketi, hasa zile sauti nyembamba ambazo ndizo hulipa gitaa kavu uhai wake.

Jawabu la kwanza ambalo wengi hulifikiria ni kunyonya maji hayo, na dawa za jikoni ziko karibu. Mtu hutia mchele kwenye begi la gitaa, mwingine mkaa, mwingine hukusanya vile vipakiti vidogo vya chembechembe vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu vipya. Nia ni njema, lakini hesabu haikubali. Gitaa lenye uzito wa kilo mbili hivi, likipanda kutoka asilimia 9 hadi 14, limekunywa takriban gramu 80 za maji, karibu nusu ya kikombe cha chai. Hewa yote iliyomo ndani ya begi lililofungwa haibebi zaidi ya gramu mbili tatu za maji. Maana yake ni kwamba gitaa lenyewe ndilo tangi, na kipakiti cha kiatu chenye gramu chache ni kijiko kinachotumwa kukausha kisima. Mchele una shida zaidi. Uliokaa jikoni pwani nao umekwisha kunywa maji ya hewa ileile, umeshiba, na aliyeshiba hawezi kumsaidia mwenzake kula. Mkaa ni hivyohivyo. Kitu chochote cha kunyonya unyevu kinafaa kadiri ya ukavu wake wakati wa kukiingiza, na kisipotolewa kikakaushwa tena kwenye moto au juani, baada ya siku kadhaa ni mzigo tu ndani ya begi. Vile vifuko vipya vya myeyusho wa chumvi, vinavyouzwa kwa ahadi ya kushika unyevu kwenye asilimia 49, vimebuniwa kwa akili sana, na ndani ya kasha linaloziba barabara hufanya kazi. Katika begi la kitambaa huku pwani huvimba, hushiba, na mnunuzi hulazimika kurudi dukani mara kwa mara.

Kinachokausha hewa kwa kweli ni kiyoyozi. Mpira wake wa kutolea maji, ule unaodondosha kwenye ndoo nyuma ya nyumba, unaonyesha mizani ambayo mchele hauwezi kuifikia: ndoo hupimwa kwa lita, na kila lita ilikuwa hewani chumbani. Chumba chenye kiyoyozi kinachofanya kazi vizuri huweza kushuka hadi asilimia 50 au 60, na humo gitaa linastarehe. Lakini hapa kuna mtego ambao sijaona ukizungumzwa vya kutosha. Hewa ya nje ya nyuzijoto 28 na asilimia 80 huanza kutoa maji ikigusa kitu chenye nyuzijoto 24 au chini yake. Ni jambo lilelile linalomtokea mwenye miwani akitoka ofisini kwenye ubaridi: vioo vinafunikwa na ukungu mlangoni. Gitaa lililolala kwenye chumba cha nyuzijoto 20, likachukuliwa mara moja hadi barazani, hutoka jasho hivyohivyo. Funguo za kukazia nyuzi huota vitone kama chupa ya soda, nyuzi hulowa, na maji huingia kwenye kingo za daraja na chini ya vyuma vya shingo. Dawa haina gharama. Gitaa litoke likiwa ndani ya kasha, na kasha likae limefungwa hata saa moja, hadi mbao zipate joto la nje polepole.

Mtu mwenye ujuzi wa mbao anaweza kunipinga hapa. Atasema kwamba kiyoyozi cha usiku peke yake hakina athari, kwa sababu mbao zilizopakwa vanishi huchukua siku nyingi kupokea mabadiliko ya hewa; saa nane za ukavu zikifuatwa na saa kumi na sita za unyevu, mbao hushika wastani na kutulia. Nakubali nusu ya hoja hiyo. Kwa unene wote wa uso ni kweli, na ndiyo maana gitaa haliharibiki kwa jioni moja. Ila fundi hupaka vanishi nje tu. Ndani ya gitaa mbao zimeachwa wazi, hazina ngao. Tabaka la ndani hunywa na kutema kila siku huku la nje likichelewa, na ubao ambao upande mmoja unavimba wakati wa pili umetulia hauna budi kujipinda. Jambo hilo likirudiwa usiku baada ya usiku kwa miaka, gundi huchoka. Kwa hiyo, kati ya chumba kinachoshinda kwenye asilimia 65 mwaka mzima na chumba kinachopanda hadi 85 na kushuka hadi 50 kila siku, mimi ningelitundika gitaa katika cha kwanza bila kusita, ingawa wastani wa vyumba hivyo haukupishana sana. Anayemiliki kiyoyozi cha usiku asijinyime usingizi kwa ajili ya gitaa. Alifunge kwenye kasha lake. Kasha hupunguza mapigo hayo, kwa kuwa mbao na kitambaa chake hunywa na kutema kwanza, kabla ya gitaa.

Na wapi ndani ya nyumba? Hapa mazoea yetu mawili yote yana kasoro. La kwanza ni juu ya kabati. Katika nyumba ya bati isiyo na dari, sehemu ya juu ya kabati ndiyo yenye joto kuliko zote ifikapo adhuhuri, na gitaa linalolala hapo linapikwa na kupozwa kila siku. Joto peke yake halivimbishi mbao sana, lakini hulegeza gundi. Gundi nyeupe na ya manjano zinazotumiwa na mafundi wengi huanza kulainika kwenye nyuzijoto 60 na kitu, na gari lililofungwa vioo juani hufika huko. Ndiyo maana buti la gari ni mahali pabaya kuliko vyote, hata kwa muda wa kuswali na kula. La pili ni uvunguni mwa kitanda. Sakafu ya saruji ni baridi kuliko hewa ya chumba, na hewa inayopoa bila kupoteza maji yake unyevu wake kwa asilimia hupanda. Huko ndiko ukungu unakoota kwanza. Ukuta nao una nje na ndani. Katika nyumba za kale za Mji Mkongwe na Lamu, kuta za mawe ya matumbawe na chokaa hunywa maji ya mvua na ya ardhini na kuyaachia taratibu, kwa hiyo udi au gitaa lililotundikwa likagusana na ukuta wa nje hupokea unyevu mgongoni ambao chumba chenyewe hakina. Ukuta wa kati unaogawa vyumba viwili, usawa wa kifua cha mtu, mbali na dirisha linalopigwa na jua la jioni: hapo ndipo mahali pa gitaa katika nyumba nyingi, na hapauzwi dukani.

Nimesema kasha, nami nasikia pingamizi la kila mtu aliyewahi kufungua kasha baada ya masika. Ukungu. Ni kweli, kitu kikifungiwa kwenye hewa inayozidi asilimia 75 wiki baada ya wiki, ukungu utaota kwenye kitambaa cha kasha, kwenye mkanda, hata kwenye shingo penye mafuta ya mikono. Jawabu limo katika saa za siku. Wengi hupenda kufungua madirisha alfajiri ili nyumba ipate hewa safi, na kwa mapafu ni jambo jema. Lakini alfajiri ndiyo saa ya unyevu mkubwa kuliko zote, mara nyingi juu ya asilimia 90, kwa sababu hewa imepoa. Maji yaliyomo hayabadiliki sana kutwa, ila jua likiipasha hewa uwezo wake huongezeka na asilimia hushuka. Kufikia saa nane au saa tisa mchana, siku isiyo na mvua, inaweza kukaribia 60. Hiyo ndiyo saa ya gitaa. Litolewe, lipigwe, kasha liachwe wazi kivulini, na kabla ya magharibi lirudi ndani na kufungwa, ili lilale na hewa ya alasiri badala ya hewa ya usiku. Kabla ya kulirudisha, nyuzi zipanguswe kwa kitambaa kikavu, juu na chini. Jasho la vidole lina chumvi, upepo wa bahari una chumvi, na chumvi ya kawaida huanza kuvuta maji na kuyeyuka hewa ikifika karibu asilimia 75. Ni sababu ileile ya bonge katika kopo la mezani. Uzi wa chuma wenye chumvi huvikwa tone la maji lisiloonekana kwa macho, na kutu huanza pale.

Lipo pingamizi zito zaidi, na linatoka kwa watu ninaowaheshimu. Wanasema: bendi za dansi zilipiga pwani hii miaka ya 1960 na 1970, katika kumbi zilizojaa jasho, magitaa yakasafirishwa kwenye malori, na muziki ukasikika hadi leo; basi habari za vipimo na asilimia ni mapambo ya watu wenye nafasi. Sehemu ya jawabu ni kwamba magitaa mengi ya bendi hizo yalikuwa ya umeme, yenye kiwiliwili cha ubao mnene usio na uso mwembamba wa kuvimba. Sehemu nyingine ni kwamba yaliyoharibika hayaonekani tena, hivyo tunahesabu waliobaki tu. Lakini wana haki katika jambo moja kubwa. Gitaa la bei ndogo, ambalo uso na mbavu zake ni plaiwudi, huvumilia hewa yetu kuliko gitaa la fahari la mbao nzima. Plaiwudi ni matabaka yaliyobandikwa yakikatana, kila moja likimzuia mwenziwe kutanuka, na kwa kuwa urefu wa mti haubadiliki, hakuna upande wenye uhuru wa kuvimba. Sauti yake ni finyu zaidi, sikatai. Hata hivyo mwalimu wa muziki anayeikubali hoja hii angefanya vyema kuwaanzishia wanafunzi wake plaiwudi bila aibu, na shule isiyo na chumba chenye hewa tulivu isishawishike na mbao nzima za gharama. Magitaa ya nyuzi za kaboni nayo hayajali unyevu kabisa. Bei yake imeyaweka mbali na wengi wetu, basi tuyaache.

Nikirudi kwenye neno langu la kuijua hewa, ujuzi huo hautoki kwenye ngozi ya mtu. Mwili hutofautisha joto na baridi, lakini asilimia 65 na 80 huzichanganya, hasa feni ikizunguka, maana feni humpoza mtu bila kupunguza tone moja la unyevu. Kinahitajika kipima unyevu, na vile vidogo vya betri siku hizi si ghali kama seti moja ya nyuzi nzuri. Kasoro yake ni kwamba hudanganya. Kimoja kinasema 68, kingine kando yake 76. Kukisahihisha kunahitaji kitu kilichomo katika kila nyumba. Chukua kizibo cha chupa, kijaze chumvi ya mezani, dondoshea maji kidogo tu hadi iwe kama mchanga wa pwani uliotoka kulowa, isielee. Kiweke pamoja na kipimo ndani ya kopo la plastiki linaloziba vizuri, ulisahau kivulini tangu asubuhi hadi usiku. Hewa iliyofungiwa na chumvi mbichi hutulia kwenye asilimia 75, popote duniani, katika joto lolote la kawaida la chumbani. Kipimo kikisoma 71, unajua kinapungukiwa na 4, nawe utaziongeza kila ukikitazama. Andika kwa kalamu mgongoni mwake. Baada ya hapo kitundike karibu na gitaa kwa mwaka mzima, ukiandika mara mbili kwa siku walau katika wiki za masika na za kiangazi. Daftari hilo ndilo litakaloamua kama nyumba yako inahitaji kiyoyozi, kasha au kusogeza msumari tu.

Wapo wanaoamini kwamba gitaa likikaa sana mahali hulizoea, na kwamba mti wa huku haudhuriki na hewa ya huku. Imani hii ina mvuto, ila mpingo unaikanusha. Mpingo wa misitu ya Kilwa na Lindi, mzito hata huzama majini, hukaushwa miaka na kuchongwa klarineti, na wapigaji wa Ulaya huziogopa siku za baridi, pumzi ya moto ikiingia katika ala iliyopoa, isije ikaatuka. Kinachohesabika ni hali ya mbao siku zilipofanyiwa kazi, na umbali wa kila hewa inayofuata kutoka hali hiyo. Gitaa lililozaliwa kwenye asilimia 45 linavimba Tanga. Lililoundwa kwenye karakana iliyo wazi Dar es Salaam, katika asilimia 75, litatulia hapo, kisha litapelekwa Dodoma kwenye kiangazi kikavu, au Muscat katika vyumba vya kiyoyozi kisichozimwa, au Toronto mwezi wa Januari, na uso wake utasinyaa pasipo mahali pa kusinyaa. Safari hiyo ndiyo inayoatua. Kwa msafiri wa namna hii kile kijisponji cha vijitabu kinapata haki yake. Ala za taarabu zimeishi katika hewa ya Unguja kwa zaidi ya karne moja, kikundi cha Nadi Ikhwan Safaa kikiwa kimeanza mwaka 1905, na wapigaji wa kanuni, ile ala ya nyuzi, wanajua kwamba daraja la kanuni limekaa juu ya ngozi, ngozi ikilegea sauti zote zinashuka, hivyo hukaa chini mapema kutia ala sawa kabla ya watu kuingia. Wapiga ngoma hupasha ngozi moto kabla ya kupiga. Hawakungoja ala izoee. Waliifuata hewa kila siku.

Kufuata hewa ndiko kunakomtenganisha fundi mzuri na fundi wa haraka, na nitatoa mfano mmoja ambao hutokea kila mwaka. Gitaa linaletwa mwezi wa Mei, nyuzi zimeinuka, mwenyewe analalamika vidole. Juu ya daraja kuna kimfupa chembamba ambacho nyuzi hukilalia. Fundi wa haraka hukichomoa, hukisugua kwenye msasa hadi kipungue milimita moja na nusu, hukirudisha, na gitaa linapigika vizuri ajabu. Mteja anaondoka akishukuru. Mwezi wa Septemba hewa imekauka kidogo, au gitaa limehamia chumba cha kiyoyozi, uso umeshuka ulikotoka, na sasa nyuzi zinagusa vyuma vya shingo, kila sauti ina mvumo wa nyuki. Mfupa uliosuguliwa haurudi. Fundi mzuri hukiacha kimfupa cha asili kama kilivyo. Huchonga cha pili, kifupi zaidi, hukitia mahali pake, na kile cha kwanza hukifunga katika kipande cha karatasi, huandika juu yake kwa penseli neno «kiangazi», kisha hukiweka kwenye kile kijisanduku kilichomo ndani ya kasha, chini ya shingo, mahali pa nyuzi za akiba.